Baridi ya Mau

Wiki tatu zilizopita tulimzika Zakayo Wekesa, mtu aliyenifundisha kazi ya maabara, na pale kwenye mazishi nilisifiwa kwa jambo nisilostahili. Mwanawe mkubwa alisimama kando ya jeneza, akaeleza jinsi baba yake alivyofundisha vijana wengi kusoma damu na mkojo chini ya hadubini, kisha akanyoosha mkono kunionyesha. "Baba alikuwa akituambia habari za huyu mzee pale," alisema. "Akiwa kijana alikosea kazi, na hakuna mtu aliyejua. Akaja mwenyewe kusema, mtoto akaokolewa. Baba alisema mtu wa namna hiyo unaweza kumwachia funguo za hospitali." Watu wakageuza shingo kunitazama. Mama mmoja aliyeketi karibu nami akanigusa bega. Nikainamisha kichwa, na nadhani walidhani ni unyenyekevu. Nilipoombwa kusema machache, nilisema marehemu alikuwa mwalimu mwema, nikaketi. Hadithi ile imesimuliwa karibu miaka sitini. Nimeisikia kwenye sherehe za kuwaaga wafanyakazi, nimeisikia kwa watu wasionijua, na sina budi kukiri kwamba mimi pia nimewasimulia wanafunzi wangu mara kadhaa. Ni ya kweli hadi mahali fulani. Sasa Zakayo hayupo, na daktari wetu wa wakati ule alifia kwao Uingereza zamani, na sitaki kuingia kaburini na sehemu iliyobaki. Naandika basi habari za mwaka ule mmoja, katikati ya miaka ya hamsini, nilipokuwa na miaka kumi na tisa na cheti cha sekondari ambacho bado kilinuka wino.

Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, ya misheni, nje kidogo ya mji wa Nakuru ukishika njia ya Njoro. Maabara ilikuwa chumba kimoja ambacho zamani kilikuwa ghala la unga, na siku za mvua kuta zake zilikumbuka, zikanuka unga. Kulikuwa na meza ndefu chini ya dirisha la upande wa mashariki, hadubini moja ya shaba, taa ya spiriti, mirija ya kioo katika kishikio cha mbao, na mashine ya kuzungusha mkojo iliyofungwa kwa skrubu kwenye ukingo wa meza, yenye mkono wa chuma kama wa kisagio cha nyama. Miezi ya kiangazi upepo ulileta vumbi jeupe kutoka ziwani, chumvichumvi, likatua juu ya kila kitu, na kazi ya kwanza ya asubuhi ilikuwa kupangusa vioo. Nje ya dirisha, chini yake kabisa, kulikuwa na benchi walipokaa akina mama kungoja. Dirisha halikufungwa vizuri. Kwa hiyo nilifanya kazi mwaka mzima huku nikisikia mazungumzo ya watu ambao hawakujua ninasikia: nani ameachwa na mumewe, shamba gani linawapa watu posho ya unga wenye wadudu, pasi ya nani imekataliwa na askari, kwa maana ilikuwa bado ni miaka ya Hali ya Hatari na Mkikuyu hakuweza kuvuka kutoka shamba hadi shamba bila karatasi. Nilijiona mtu mkubwa kule ndani, nimevaa koti jeupe, nikiwasikia watu kama redio.

Zakayo alikuwa na miaka thelathini hivi, mwembamba, mtulivu, mwenye mzaha usioonyesha meno. Alinifundisha mambo ambayo hata leo ningeweza kuyafanya nimefumba macho. Mkojo alinifundisha kwa hatua. Kwanza utazame kwenye mwanga. Kisha uuchemshe sehemu ya juu ya mrija juu ya taa, na ukiganda kama ute wa yai, udondoshe siki kali. Ukibaki vilevile, figo zinapitisha kitu zisichopaswa kupitisha. Kisha uuzungushe kwenye mashine, mizunguko mia mbili, umwage wa juu, uchukue tone la chini kabisa na uliweke chini ya hadubini. "Usaha haukai juu," alikuwa akisema. "Anayechukua tone la juu anajifurahisha tu." Naye daktari, mama wa Kizungu aliyekonda ambaye wagonjwa walimwita Mama Daktari, ndiye aliyenieleza kwa nini tunahangaika hivyo. Mtoto mdogo, alisema, hasemi figo linauma. Yeye huwa na joto tu. Anatapika, anakataa chakula, analia bila sababu, na kila mtu anamwita mgonjwa wa malaria. Wakati huo vidudu vimepanda kutoka kwenye kibofu hadi kwenye figo, na huko vinakula. Ukiona mtoto ana joto, hakohoi, masikio yake ni mazima, na damu yake haina malaria, tafuta mkojo wake, na usilale mpaka umeupata. Aliniambia hivyo wiki ya kwanza, na sijapata kusikia maneno ya kitabibu yaliyo ya kweli zaidi. Nimeyafundisha tangu hapo, na nina hakika yameokoa watoto wengi.

Lakini kulikuwa na jambo moja zaidi, nalo lilihusu watu wa Mau Narok. Kule juu ni baridi, mashamba ya ngano na viazi yamelala katika ukungu mpaka saa tatu asubuhi. Wagonjwa wa mashamba yale walishuka kila Jumanne na Ijumaa juu ya lori lililoleta magunia stesheni ya reli, na wengi walibeba chupa za mkojo walizopewa na dresa wa shamba, yule mtu wa kufunga vidonda na kugawa vidonge. Mkojo ulijazwa alfajiri, ukasafiri saa mbili katika upepo, na ukifika ulikuwa na mawingu kama maji ya kuoshea mchele. Kijana mgeni angeruka juu: usaha. Zakayo alinicheka mara ya kwanza. Akachukua chupa, akaifumbata kwa viganja vyake viwili kama mtu anayeota kikombe cha chai, na baada ya dakika chache mawingu yakayeyuka na mkojo ukawa wa dhahabu safi. "Ni baridi ya Mau," alisema. "Chumvi za mwili zinaganda kwa baridi, zikipata joto zinarudi majini. Usaha hauyeyuki. Fumbata kwanza, kisha zungusha, kisha tazama." Neno hilo likawa mzaha wetu. Chupa yoyote yenye ukungu iliyoshuka na lori, tuliiita baridi ya Mau. Nilipenda kulisema mbele ya wauguzi. Kujua kitu ambacho wengine hawakijui ni tamu sana ukiwa na miaka kumi na tisa, na katika zile hatua tatu, fumbata, zungusha, tazama, mimi nilianza polepole kuridhika na ya kwanza.

Mwezi wa nane kulikuwa na jambo jingine kichwani mwangu. Mama Daktari alikuwa ameahidi kuandika barua ya kunipendekeza kwenye mafunzo ya Nairobi, miaka mitatu, na cheti mwisho wake. Nafasi zilikuwa chache, na barua ilipaswa kutaja kwamba mwombaji ni mwangalifu na mwaminifu. Nilikuwa nakula kwa Zakayo, nyumba moja ya mawe katika safu ya nyumba za wafanyakazi, na mkewe, Mama Rispa, alikuwa ameshaanza kuniita "Daktari wa Nairobi" kila anaponipa sahani. Niliitaka ile barua kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Jumanne hiyo lori lilichelewa na watu wakajaa mpaka kwenye nyasi. Zakayo alikuwa wodini akitoa damu. Mimi nilikuwa peke yangu na chupa kumi na tisa, na dirishani nilisikia wanawake wawili. Mmoja alikuwa wa Njoro, sauti yake nilishaizoea kwa sababu alikuja kila wiki na kidonda. Wa pili alikuwa mgeni, Mkipsigisi kwa matamshi yake, na alimpakata msichana wa miaka kama minne aliyelaza kichwa kifuani mwake.

"Na huyu wako ako na nini?" aliuliza wa Njoro.

"Joto. Inakuja, inaenda. Wiki tatu sasa. Dresa amepea yeye dawa ya malaria mara tatu."

"Malaria gani hiyo ya Mau? Mbu ya huko inavaa sweta?"

Wakacheka wote wawili, yule mgeni kwa uchovu. Kisha akasema, sauti ikiwa chini, "Na sasa amerudia kukojoa kitanda. Alikuwa amewacha kabisa, hata mwaka umeisha. Nimemchapa."

"Chapa. Wangu nilichapa mara moja tu, akawacha."

"Huyu hakuwacha. Akienda choo analia, anashika nguo yangu. Nilisema ni kiburi."

Niliyasikia hayo yote. Nilikuwa nimefundishwa maana yake: mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akarudia, anayelia akikojoa, ana homa isiyo na kikohozi. Nilisikia kama mtu anavyosikia mvua kwenye bati. Baada ya nusu saa Mama Daktari akamwona, akaniletea karatasi yenye jina Chebet, akitaka damu na mkojo. Damu niliitazama vizuri. Haikuwa na malaria. Muuguzi alijaribu kumkojoza mtoto upya, akakataa kwa machozi, ndipo mama akatoa chupa ya dresa kutoka ndani ya blanketi lake. Ilikuwa na ukungu. Nilisoma lebo, Mau Narok, nikaifumbata kidogo, labda muda wa kuhesabu hadi ishirini, na nikaona inang'aa, au nilitaka kuona inang'aa. Kulikuwa na chupa nyingine tisa zinangoja, na mkono ulikuwa unaniuma kwa kuzungusha. Nikaandika kwenye karatasi: Mkojo safi, hakuna usaha. Kupitia ukutani nikamsikia Mama Daktari akisoma maneno yangu, akayarudia mara ya pili, kisha akamwambia mama kwa Kiswahili chake cha pole, "Damu nzuri, mkojo nzuri. Basi ni homa ya kupita. Mpe hii ya kushusha joto, na kama bado, rudi Ijumaa ya wiki ijayo." Aliyarudia, nadhani, kwa sababu moyo wake ulimwambia kitu kingine. Lakini aliamini karatasi. Karatasi ilikuwa kazi yangu.

Hapa ndipo hadithi ya Zakayo inapoishia kuhusu Jumanne: kijana alichoka, akaruka hatua, akakosea. Sehemu iliyobaki ni hii. Saa saba, watu walipokwisha kupungua, nilianza kuosha chupa. Ya Chebet ilikuwa imesimama dirishani juani tangu saa nne. Kioo kilikuwa cha moto mkononi. Na mawingu yalikuwa bado yamo, ila sasa yalikuwa yameshuka, yametulia chini, meupe yenye kijani kidogo, unene wa kidole. Nilijua kabla ya kukaa. Hata hivyo nilivuta tone la chini kwa mrija, nikaliweka kwenye kioo, nikainamia hadubini. Usaha ulijaa jicho zima, chembe juu ya chembe, kama mahindi yaliyomwagwa uani kukaushwa, na katikati yake vidudu vikitetemeka. Sikuwa nimeona mwingi hivyo mwaka mzima. Nikainua kichwa. Kupitia dirishani nilimwona Mama Chebet ameketi nje ya lango pamoja na wengine wa Mau Narok, mtoto amelala mapajani mwake, wakingojea lori lirudi kutoka stesheni. Ilikuwa hatua hamsini. Ningeweza kumwita kwa jina bila kusimama.

Nimefikiri sana juu ya dakika zile, na sitaki kujitetea kwa ujana. Sikuchanganyikiwa wala sikuogopa kupigwa. Hakuna aliyepiga mtu pale. Nilifikiri kwa utaratibu kabisa. Nilifikiri kwamba nikienda kwa Mama Daktari na karatasi mbili zinazopingana, za mkono mmoja, siku moja, hataweza kuandika neno "mwangalifu". Nilifikiri kwamba mtoto amekaa na ugonjwa wiki tatu, siku chache hazitabadilisha kitu. Nilifikiri kwamba Ijumaa ya wiki ijayo atarudi, na wakati huo nitauona usaha "kwa mara ya kwanza". Lori likafika saa nane. Nikamwona mama akimpandisha mtoto kwa watu waliokuwa juu ya magunia matupu, kisha akapanda mwenyewe, akamfunika kichwa kwa blanketi. Lori likaondoka. Nikaosha chupa, nikapangusa kioo, nikakirudisha mahali pake.

Jumatano sikufanya kosa hata moja. Nilizungusha kila chupa mizunguko mia mbili kamili. Mchana Mama Daktari akaniita ofisini kwake, akanisomea barua aliyoiandika, akaniuliza kama jina langu ameliandika sawasawa. Nikasema sawasawa. Alhamisi asubuhi karani akaichukua pamoja na barua nyingine katika mfuko wa turubai, akaendesha baiskeli kwenda posta. Nilisimama mlangoni mpaka alipopotea njiani. Mchana huohuo, mezani kwa Zakayo, ndipo nilipofungua kinywa. Sikuwa na habari yoyote ya mtoto. Ila tangu Jumanne sikuweza kufumba macho bila kuona lile jicho la hadubini limejaa, na sasa barua ilikuwa imekwenda.

Tulikuwa tunakula ugali na maziwa lala. Mama Rispa alinitazama nikivingirisha tonge bila kulipeleka mdomoni.

"Huyu kijana amependa mtu," alisema. "Tazama anavyochezea ugali."

"Ampende nani?" alisema Zakayo. "Tangu asubuhi anatazama mikojo ya watu. Mapenzi yatatoka wapi?"

Nikasema, "Bwana Zakayo, kuna chupa moja ya Jumanne inanisumbua. Ya mtoto wa Mau Narok. Niliona ukungu nikasema ni baridi. Sikuizungusha."

Akaacha kutafuna. "Iko wapi?"

"Nilishaiosha."

"Kwa hivyo hujui ilikuwa na nini."

"Sijui," nikasema.

Hilo "sijui" ndilo lililonifanya kuwa mtu mwema. Zakayo alinitazama, na nilipotazamia hasira nikaona uso wake unalegea kama wa mtu aliyepewa zawadi. Akanawa mikono, akaacha chakula chake, akasema, "Twende." Njiani akaniambia, "Ungeweza kunyamaza. Nisingejua kamwe." Mbele ya Mama Daktari alianza kusema maabara yake imekosea, nami nikasema hapana, ni mimi. Mama Daktari alifumba macho kidogo. Kisha akasema, "Asante kwa kuja. Sasa chukua gari, nenda umlete. Wewe unamjua uso."

Nilipanda Mau Narok na dereva wa hospitali, na kadiri tulivyopanda ndivyo ngano ilivyozidi kuwa ndefu na hewa kuwa kali. Kambi ya wafanyakazi ilikuwa nyuma ya ghala. Mama Chebet alikuwa ndani, hakwenda kazini, na hilo lilinieleza yote kabla sijamwona mtoto. Chebet alikuwa amelala kando ya jiko, midomo imekauka ikapasuka, macho nusu wazi. Ngozi yake ilikuwa moto kama ile chupa. Tangu jana, mama alisema, hajaweka kitu tumboni, hata maji anarudisha.

"Mama Daktari amesema niwachukue," nikasema.

"Si alisema ni nzuri?"

"Tulikosea, mama. Huko kwa maabara."

Alimfunga mtoto mgongoni, akamwachia jirani moto wake na mbuzi, akaingia garini. Njia nzima alikuwa akimshika mguu mtoto kwa nyuma kana kwamba ungeanguka.

Yaliyofuata nayakumbuka kwa fahari, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu yalifanywa vizuri. Mama Daktari alimlaza mtoto ubavu, akagonga taratibu kwa ncha za vidole chini ya mbavu za nyuma. Upande wa kushoto hakushtuka. Upande wa kulia alilia kilio kifupi, cha juu, na Mama Daktari akasema, "Ni hapa." Muuguzi akamwosha mtoto kwa maji ya moto yaliyopoa, akakinga mkojo mpya katika chupa iliyochemshwa, na Zakayo akanipa mimi niuzungushe. Alisimama nyuma yangu. "Soma," akasema. Nikasoma kwa sauti kile nilichokwisha kukisoma Jumanne. Kisha dawa: vidonge vya salfa vilivyosagwa ndani ya kijiko cha sukari, na dawa ya maji ya kupunguza ukali wa mkojo, na maji, maji, maji, kwa sababu salfa bila maji hugeuka mchanga ndani ya figo na kuliumiza zaidi. Mimi nilipewa kazi ya maji. Nilikaa kando ya kitanda chake siku nne nzima na kikombe cha bati, nikimnywesha kidogo kidogo asije akatapika, nikiandika kila kikombe kilichoingia na kila mkojo uliotoka. Siku ya tatu joto halikuwa limeshuka. Mama Daktari alitazama chati yangu, akaenda kabatini akaleta streptomaisini, dawa iliyokuwa haba na iliyowekwa kwa wagonjwa wa kifua kikuu, akaanza sindano asubuhi na jioni. Siku ya tano Chebet aliamka, akanitazama nikija na chupa, akasema, "Wewe unataka mkojo tena?" Mama yake akacheka mpaka akafunika uso. Siku hiyo usaha ulikuwa umepungua nusu. Baada ya siku kumi na mbili nilizungusha mara tatu, mizunguko mia mbili kila mara, na jicho la hadubini lilikuwa tupu, jeupe, kama ukuta uliopakwa chokaa.

Zakayo alianza kuisimulia hadithi yangu wiki hiyohiyo. Aliwaambia wauguzi, akamwambia dereva, ambaye tayari alijua. Barua ya kunikubali kutoka Nairobi ilikuja kabla mwezi haujaisha, na Mama Daktari aliniambia kwamba, kama angeiandika barua yake upya baada ya yale yaliyotokea, angeisifu tabia yangu maradufu. Nilimshukuru. Yeye pia ndiye aliyenieleza, tukiwa wawili ofisini, kwamba figo la mtoto likiumwa sana linabaki na kovu, na kovu hilo halipoi, na huenda likamletea Chebet shinikizo la damu atakapokuwa mwanamke mzima anayezaa. "Hatuwezi kujua," alisema. "Kila siku moja inahesabika katika ugonjwa huu." Alisema hivyo kunifundisha tu. Nimeitumia sentensi hiyo darasani miaka yote, na kila mara nimehesabu kimoyomoyo: Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Chebet aliletwa kupimwa mara nne mwaka ule, na kila mara mkojo ulikuwa safi kweli. Kisha mimi nikaenda Nairobi, shamba likauzwa, watu wakatawanyika, na sijui alifikia wapi.

Asubuhi waliyoruhusiwa kwenda nyumbani, Mama Chebet alikuja mlangoni mwa maabara. Hakuna mgonjwa aliyekuja mlangoni, walikaa benchini. Alikuwa amevaa kitambaa safi kichwani na mtoto amesimama kando yake ameshika sketi.

"Nataka kuona hiyo kitu ilikuwa inakula mtoto," alisema.

Nilimwambia ya Chebet imekwisha, ila kuna ya mtoto mwingine inayofanana. Nikamwekea kioo, nikamwonyesha namna ya kufumba jicho moja. Alichukua muda kuona. Mwanzo aliona kope zake mwenyewe. Kisha akatulia kabisa, na mkono wake uliokuwa mezani ukakunjika.

"Hizi nyeupe?"

"Ndiyo. Hiyo ni usaha. Na zile ndogo zinazocheza ndizo vidudu vyenyewe."

"Ziko na uchungu?"

"Zinachoma sana. Mtoto akikojoa ni kama moto. Ndiyo maana akawa hawezi kuzuia kitandani."

Hakuinua uso. Alitazama tena, muda mrefu kuliko anaohitaji mtu kuona tu. Aliponyanyuka macho yake yalikuwa na maji, lakini sauti ilikuwa imara. "Nilimchapa na kamba ya mbuzi," alisema. "Siku tatu. Sikujua." Kisha akanitazama mimi, kijana wa koti jeupe aliyekaa na mtoto wake na kikombe siku nne, na nikaona kwamba ananionea huruma. "Na wewe ile Jumanne hukuona."

Chebet alikuwa akigusa mkono wa ile mashine, akiuzungusha polepole. Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kujibu.

"Sikuona," nikasema.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, ngumu ya kuvuna viazi. "Basi usijiumize roho," alisema. "Sisi wote wawili hatukujua."

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Hatukujua."